Mchepuko wa maji kwenye Eunos: shajara ya Makorora, Tanga

Jumamosi, 11 Januari

Hatimaye mwizi wa maji amepatikana. Wiki tatu nzima nilikuwa naongeza karibu nusu lita kwenye rejeta kila Ijumaa, na chini ya gari hakuna tone. Oili haijageuka maziwa, moshi si mweupe, zulia la ndani halijalowa. Nikaanza kuishuku gasketi ya silinda hedi, na mtu akishaanza kuishuku hedi usingizi unamhama. Kumbe ni kimpira cha unene wa kidole cha mwisho, kimejificha chini ya throto, ule mlango wa hewa wa injini. Kinavuja injini ikiwa ya moto tu, maji yanateleza ubavuni mwa injini na kukauka kabla hayajafika chini. Kilichokiumbua ni ukoko wa kijani ulioganda kwenye klipu, kama chumvi kwenye miamba ya Raskazone maji yakitoka.

Kwa kumbukumbu zangu: gari ni Eunos Roadster ya 1991, toleo la NA6, injini ya B6-ZE, cc 1,598, farasi 120 ilipotoka kiwandani, uzito kilo 940 hivi. Mazda walilianzisha 1989. Eunos lilikuwa jina la maduka yao ya kule Japani, kwingine gari ni lilelile MX-5. Farasi wangapi wamebaki baada ya miaka thelathini na ushee, hilo sijathubutu kupima. Viti viwili, paa la turubai. Mama watoto huliita gari la mchoyo.

Kijana wa gereji aliyekuwa ananimulikia tochi hakuona sababu ya kununua mpira mwingine.

"Kaka, hiyo toa kabisa. Ni ya Wazungu wa baridi. Inapasha throto moto isishike barafu. Wewe Tanga barafu unaijua ya kwenye juisi tu. Tena inakupashia hewa, nguvu inapungua. Unganisha huku na huku, maji yapite pembeni. Michepuko siyo dili, ila huu wa maji ni dili."

Nilicheka, lakini maneno yaliniingia, maana yana ukweli ndani yake. Throto ni kile kijumba cha aluminiamu chenye kipepeo kinachofunguka ukikanyaga mafuta. Kipepeo kikiwa kimekaribia kufunga, hewa inajipenyeza kwenye upenyo mwembamba, shinikizo linashuka, hewa inapoa. Nchi za baridi kali, unyevu wa hewa hiyo unaweza kuganda pale ukingoni na kipepeo kikanasa. Enzi za kabureta mambo yalikuwa mabaya zaidi: petroli ilikuwa inageuka mvuke palepale na kunyonya joto, barafu ikaweza kujijenga hata siku ambayo nje hakuna barafu. Kwenye Eunos petroli inapulizwa mbele zaidi, karibu na vali, kwa hiyo sababu ya kabureta haipo. Inabaki ile ya kwanza. Na mimi naandika haya saa 3 usiku, kaskazi inavuma, shuka halishikiki. Hata nikipanda Lushoto mwezi wa Julai, nitavaa sweta, lakini kipepeo hakitaganda.

Basi uamuzi: mchepuko. Naondoa mpira mbovu na naongeza nguvu kwa mkupuo mmoja. Ndege wawili, jiwe moja.

Jumapili, 12 Januari

Leo sijafungua kitu, nimepima tu. Sipendi kuwa yule mtu anayebadilisha kitu halafu anasema "naona imekuwa nyepesi". Gari likioshwa tu linakuwa jepesi.

Nimeazima kipimajoto cha dijitali cha waya mbili, vile vya mafundi friji. Waya mmoja nimeubandika kwenye mwili wa throto kwa utepe wa aluminiamu. Wa pili nimeupitisha kwenye kichuchu cha vakyumu kisichotumika, ukaingia ndani ya manifoldi, lile bomba linalogawia silinda hewa, nikaziba kwa silikoni. Huo ndio unaosema hewa inaingia na joto gani baada ya kupita throto.

Njia: Makorora hadi Pongwe, pale vibao vinaporuhusu nakaza kwenye 80 na kutulia. Nje nyuzi 32. Mwili wa throto 71, hewa ndani ya manifoldi 43. Kurudi nyumbani nikaliacha linaunguruma chini ya mwembe dakika 10: throto 79, hewa 57.

Hapo nilipaswa kujiuliza kwa nini hewa iliyoingia na 32 imefika na 43 gari likiwa linatembea na upepo wote ule. Sikujiuliza. Nilikwisha kuwa na jibu mfukoni, nalo lilikuwa throto.

Jumamosi, 18 Januari

Siku ndefu. Naandika nikiwa nimeshaoga mara mbili na bado nanukia kulanti, ile dawa ya kupozea injini inayochanganywa na maji ya rejeta.

Asubuhi injini ikiwa ya baridi nilishusha maji kama lita 2 kwenye beseni. Beseni nikalifunika, maana kulanti ina utamu na ni sumu, na kuku wa jirani hawaulizi. Kufikia klipu za chini ya throto ni mateso: mkono unaingia, spana inaingia, vyote viwili pamoja haviingii. Saa nzima kwa klipu mbili. Mpira ulipotoka ukakatika mkononi kama mkate wa juzi.

Sasa nikahitaji mpira wa kuunganisha njia ya kuja na njia ya kurudi. Duka la karibu walikuwa na mipira ya petroli tu, na ninajua mpira wa petroli si wa kulanti ya moto. Kijana akatoa wazo: jirani yetu mwashi ana ule mpira mweupe unaoona ndani, wa kupimia usawa wa msingi kwa maji. Upana ni uleule. Jirani hakuwepo, mkewe akatupa. Tukakata kipande cha urefu wa shibiri moja na nusu. Nilijiambia ni cha majaribio, wiki ijayo nitanunua wa kweli. Nimeandika sentensi hiyo ili nijisome siku nyingine.

Nikajaza maji, nikapandisha pua ya gari kwenye mbao mbili hewa itoke, nikawasha.

Kawaida gari hili asubuhi sailensi, yaani resi za injini bila kukanyaga mafuta, inaanzia mizunguko 1,500 kwa dakika, na kadiri linavyopata moto inashuka taratibu mpaka 850 na kutulia. Leo ikaanzia 1,500. Nikasubiri. Geji ya joto ikafika katikati, feni ikawaka ikazima. Mshale wa resi ukapanda kufikia 1,600 na kukaa hapo, kama mgeni asiyeaga.

Nikasema ni skurubu. Kwenye kile kiboksi cha kupimia nikaunganisha matundu ya TEN na GND kwa waya, kama inavyotakiwa, ili kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, iache kuingilia. Nikachomoa kifuniko cha mpira juu ya throto, nikaikaza skurubu ya sailensi mpaka mwisho. Ikashuka kwenye 1,350. Nikatoa waya, na hapo injini ikaanza kuhema: inapanda 1,800, inaanguka 1,200, inapanda tena. Uuum, uum, uuum. Watoto wa mtaani wakaanza kucheza kwa mdundo huo.

Kijana akasema itazoea. Mimi, mtu mzima, nikakubali kwamba injini itazoea.

Nikaondoka kwenda kupima. Kabla ya Pongwe, kwenye 80, nje nyuzi 32 vilevile: mwili wa throto 52. Nikapiga usukani kwa furaha, nyuzi 19 zimeshuka! Kisha nikaangalia namba ya pili. Hewa 42.

Moja. Nimetoa jasho kutwa nzima kwa nyuzi moja.

Sikupata muda wa kuhuzunika. Kilomita chache baada ya Pongwe harufu tamu ikaingia ndani, kisha mvuke ukafuka kwenye mdomo wa boneti. Nikazima, nikalitelezesha pembeni kwenye majani. Ule mpira wa mwashi ulikuwa umelainika kama tambi, umevimba katikati kama nyoka aliyemeza yai, na umechanika kwenye klipu. Ni haki yake. Themostati ya injini hii, mlango unaoachia maji yaende kwenye rejeta, inaanza kufunguka kwenye nyuzi 88 hivi, na maji yako ndani ya shinikizo. Mpira ule umezoea maji ya kisimani na kivuli cha ukuta.

Nikampigia mjomba. Yeye ni ndugu wa mama, anaishi Muheza, miaka yote ya kazi alikuwa fundi mitambo kwenye shamba la mkonge, akihudumia korona, ile mashine ya kuchana majani, na kila kilichokuwa na injini shambani. Saa moja baadaye akatokea kwenye bodaboda, na mfuko wa rambo umening'inia mkononi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Nasikia umechepuka."

Akauchomoa ule mpira, akauinua kwenye jua, akautazama mpaka ndani. "Hii si ya kupimia nyumba hii? Sasa ulitaka kujua injini yako imekaa sawa na msingi?" Kutoka kwenye rambo akatoa kipande cha mpira wa hita, mweusi, wenye nyuzi ndani, na klipu mbili za skurubu. Tulisubiri injini ipoe kabisa kabla ya kugusa kifuniko cha rejeta. Mjomba hana mzaha na kifuniko cha rejeta. Ana kovu la shambani shingoni. Tukajaza maji, nikawasha, ikaanza kuhema tena.

Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama anayesikiliza mtu mwenye pumu.

"Yakhe, hii inapata hewa mahali. Maji uliyoyakata, yalikuwa yanaingia kwenye mlango wenyewe wa hewa, au kwenye kile kidude kilichoning'inia chini yake?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeikata njia ya maji bila kufuatilia inakoishia.

Jumapili, 19 Januari

Mjomba alilala kwetu. Baada ya chai ya asubuhi na mkate wa kumimina tumefungua throto nzima na kuiweka juu ya gazeti mezani. Mama watoto alikuwa kazini, ndiyo maana tuliweza kutumia jiko.

Chini ya throto kuna kidude kilichofungwa kwa skurubu. Ndicho kinachoitwa na Mazda valvu ya hewa ya pembeni. Ndani yake kuna kazi mbili katika nyumba moja. Moja ni ya umeme: kontroli boksi inafungua na kufunga kwa haraka kurekebisha sailensi, kwa mfano ukiwasha kiyoyozi. Nyingine haina waya hata mmoja. Ni kidonge cha nta. Nta ikiwa baridi inasinyaa, kitundu kinabaki wazi, hewa ya ziada inapita pembeni ya kipepeo, injini ya asubuhi inapata resi za kutosha isizime. Nta ikipashwa inavimba, inasukuma kizibo, kitundu kinafunga. Ni akili ileile ya themostati ya maji.

Na nta inapashwa na nini? Na kile kimpira.

Mjomba hakunieleza haya kwa maneno. Alichukua maji ya bombani, kipimajoto kikasema 28, akayamimina kwenye kichuchu cha valvu na kuniambia nichungulie. Kitundu wazi, kidole kidogo cha mtoto kingepita. Kisha tukachemsha maji kwenye sufuria ya uji, tukayaacha yapoe mpaka 85, tukayamimina taratibu kwa birika, tukayapokea kwenye bakuli na kuyarudisha. Kwa dakika ya kwanza hakuna kitu. Ya pili kizibo kikaanza kusogea, polepole kama kivuli cha mnazi. Kabla ya dakika ya nne kitundu kimefunga.

"Umeona?" akasema. "Joto la Tanga linalokutoa wewe jasho, kwa hii ni baridi."

Kwa hiyo gari langu tangu jana lilikuwa linaamini ni alfajiri. Injini ina moto wa kuchemsha yai, nta inasubiri jua lichomoze. Na kuhema kule nako kukaeleweka: kipepeo kimefunga, kontroli boksi inajua mguu hauko kwenye mafuta, lakini resi ziko juu, kwa hiyo inadhani gari linashuka mlima na dereva ameachia. Inakata petroli. Resi zinaanguka, inarudisha petroli, hewa ya ziada ipo palepale, resi zinapanda, inakata tena. Hakuna skurubu ya kutibu hilo. Ile niliyoikaza mpaka mwisho ilikuwa inaziba kitundu kingine kabisa.

Nilimpigia kijana wa gereji kumweleza. Akasikiliza vizuri, kisha akaleta dawa mpya: "Basi kaka, hicho kitundu cha nta kizibe kwa gundi ya chuma, yaishe." Inawezekana, na kwa joto la huku huenda injini ikawaka asubuhi bila shida kubwa. Ila hapo nitakuwa nimeziba kitundu ili niondoe maji yanayopasha kitu ambacho hakinizuii. Mjomba akasema hata korona haikuwahi kutengenezwa kwa mtindo huo.

Kabla ya kurudisha tuliosha throto. Masizi meusi ukingoni mwa kipepeo, kitambaa na dawa ya kabureta, dakika 20. Mlango ukang'aa.

Jumatano, 22 Januari, usiku

Umeme umekatika, nimekaa barazani na kalamu. Nimetaka kuelewa kwa nini throto ilipoe nyuzi 19 na hewa ishuke moja tu.

Injini ya lita 1.6 inameza lita 1.6 kila mizunguko miwili, kama inajaza sawasawa. Kwenye resi 6,500 ni lita 5,200 kwa dakika, karibu 87 kwa sekunde. Mlango wa throto nilipima kwa rula: upana sentimita 5 na nusu, urefu wa kupita 6 hivi. Ndani yake inaenea hewa ya lita 0.14. Maana yake hewa ya pale mlangoni inabadilishwa mara 600 kwa sekunde moja. Kila pumzi inakaa chini ya sehemu mbili za elfu za sekunde na kuondoka. Ukipitisha mkono juu ya jiko la mkaa kwa kasi hiyo hutajua kama jiko limewashwa.

Na hiyo nyuzi moja inalipa nini? Hewa ya 43, ukihesabu kutoka sifuri halisi, ile iliyo nyuzi 273 chini ya sifuri ya kawaida, ni 316. Moja kwa 316 ni asilimia 0.3. Kati ya farasi 120 ni farasi 0.38. Farasi ana kwato nne; mimi nimepata kwato moja na nusu, tena kwa hesabu ya kiwandani.

Kwenye sailensi nilipima pia Jumamosi kabla ya kuondoka nyumbani: hewa 55 badala ya 57. Lakini namba hiyo siihesabu. Resi zilikuwa mara mbili ya kawaida, hewa nyingi zaidi ilikuwa inapita, si kipimo cha haki.

Nisiseme mchepuko ni upuuzi kwa kila gari. Kuna injini ambazo sailensi yake yote ni ya umeme, na maji ya throto yako pale kwa ajili ya barafu peke yake. Huko ukiunganisha mipira miwili kwa mpira wa kweli, gari halitalalamika, na utakuwa umepunguza sehemu mbili za kuvuja. Farasi usiwatafute huko, na usizibe ncha zote mbili. Unganisha, maji yaendelee kuzunguka. Lakini NA6 si mojawapo.

Jumamosi, 25 Januari

Mipira mipya miwili ya kulanti, yenye nyuzi ndani, imetoka Ngamiani, barabara ya 8, shilingi 14,000 pamoja na klipu nne. Nimeifunga kwenye valvu nikiwa bado na throto mezani, kabla ya kuirudisha kwenye manifoldi. Klipu zilizonila saa nzima wiki iliyopita leo zimechukua dakika tano. Gasketi mpya ya throto nimeikata mwenyewe kwenye karatasi ya gasketi.

Maji: kulanti nusu, maji ya kutengenezea betri nusu. Mfumo mzima unakula lita 6. Kuna watu hapa mjini wanajaza rejeta maji ya kisima mwaka mzima. Maji ya kisima cha kwetu yakichemka yanaacha ukoko mweupe kwenye sufuria; mtu huyo anajijengea pango la Amboni ndani ya injini.

Skurubu ya sailensi nimeirudisha, TEN na GND, 850, taiming ya cheche nyuzi 10. Limewaka kwenye 1,500, likashuka lenyewe, dakika nane likatulia. Nilikaa nalitazama tu mshale unavyoshuka. Nimemtumia mjomba video. Amejibu kwa neno moja: "Kumekucha."

Jumamosi, 1 Februari

Zile nyuzi 11 za safarini hazikuniacha. Kama si throto, ni nani?

Mwenye gari wa kabla yangu alitoa boksi la filta la kiwandani na kuweka filta ya koni, wazi, karibu kabisa na rejeta. Inapiga mluzi mzuri ukikanyaga. Leo nimebandika waya wa kipimajoto mdomoni mwake: gari likitembea kwenye 80, nje 33, mdomoni mwa filta 43. Hewa imeshapata moto kabla hata haijaiona throto. Ilikuwa inavuta pumzi ya rejeta muda wote, nami nikalaumu mlango.

Nimekwenda kwa fundi bati wa Ngamiani, anayetengeneza majiko na ndoo. Nilimchorea kwenye katoni, akanikunjia ukuta wa aluminiamu wa pande tatu wenye mdomo unaotazama mbele, kwa mkono na nyundo ya mti, kwa nusu ya muda nilioutumia kueleza. Ukingo wa juu nikauvika mpira wa mlango ili uguse boneti. Hauna urembo, unafanana na jiko lililokatwa ubavu.

Njia ileile, 80, nje 33: hewa ndani ya manifoldi 38. Maji yakiwa yanapita kwenye throto kama Mazda walivyotaka, mwili wa throto 70. Kwenye sailensi dakika 10 chini ya mwembe, 52.

Mluzi umepungua. Nimeukosa kidogo.

Kuna mchepuko mwingine wa maji kwenye gari hili unaonikuna, na huo una hoja. Injini ya B6 ilizaliwa kwa magari ya kuvuta mbele, kama Familia zetu, ikiwa imelazwa kukingama, na maji yalikuwa yanatokea ncha ya nyuma ya hedi. Ilipogeuzwa kuwekwa kwenye Roadster, tundu la kutokea likahamishiwa mbele, upande uleule yanakoingilia. Silinda ya kwanza inaoga, ya nne inapanguswa na kitambaa. Watu wanarudisha njia nyuma kwa bomba refu. Kwa gari la barabarani la farasi hawa wachache, silioni kama la dharura. Safari hii nitafuatilia kila bomba kwa kidole kwanza, na mjomba akiwepo.

Jumamosi, 8 Februari

Wiki mbili, rejeta haijashuka hata unyoya. Chini ya throto pakavu, nimepitisha karatasi ya choo kila klipu, imerudi nyeupe.

Jioni jirani mwashi alibisha hodi. Ana msingi wa kupima kesho kule Mikanjuni na mpira wake hauoni. Nilimpelekea uliobaki, nikamweleza ukweli wote, mpaka sehemu ya mvuke. Aliukunjua uani, akaupima kwa hatua, akaniuliza kipande kilichokatwa kiko wapi. Nikamtolea kwenye boksi la spana, kimevimba na kuchanika. Alikigeuzageuza kwenye taa.

"Jirani, na maji yalikuwa sawa pande zote mbili?"

Jumatatu namnunulia mwingine, mita 20, yeye mwenyewe achague.